Kipimo cha Kidole cha Shahada



Mama mmoja alitujia madrasa baada ya swala ya Alasiri, amemshika mkono mwanawe wa miaka minne. Alitaka mtoto asomewe, kwa kuwa usiku halali: hujikuna viwiko na nyuma ya magoti mpaka shuka likaingia damu. Tulimsomea, kisha tukamuuliza iwapo amemfikisha kwa daktari. Akatoa mkobani tyubu ya dawa iliyofunguliwa miezi mitatu nyuma na kutumiwa mara mbili tu. "Sheikh, nimeambiwa hii ni steroidi. Itamla mwanangu ngozi."

Tumeona tulizungumze hapa, kwani hatudhani kwamba ni mama huyo pekee mwenye hofu hiyo.

Maradhi yenyewe ni ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Hauambukizi. Ngozi ya mwenye ukurutu haihifadhi unyevu ipasavyo. Hukauka, huwasha na kuvimba. Katika ngozi zetu nyeusi uvimbe huo mara nyingi hauonekani mwekundu, bali huwa mweusi zaidi, wa kijivu au wa zambarau, na kwa sababu hiyo huchelewa kutambulikana. Huku kwetu pwani jasho la kaskazi huuchochea, na moshi wa udi na marashi huweza kuuzidisha. (Twajua kwamba kumkataza mwanamke wa Mombasa kufukiza udi ni kujitafutia maneno, lakini chumba anacholala mtoto na kisamehewe.)

Wala mwasho si jambo la kudharauliwa. Imepokewa kwa njia sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Abdulrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam kuvaa hariri, ambayo ni haramu kwa wanaume, kwa sababu ya mwasho uliokuwa ukiwasumbua. Basi mtoto asiyelala usiku ana haki ya kutibiwa.

Dawa za steroidi za kupaka hutuliza ule uvimbe, nazo zina daraja mbalimbali. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni ya daraja la chini. Betamethasoni ina nguvu zaidi, na klobetasoli ni katika zilizo kali kabisa. Asiyezitofautisha huziogopa zote, au huzitumia zote ovyo, na mji huu una watu wa makundi yote mawili. Huenda mama anayeikimbia haidrokotisoni ya mwanawe akawa yeye mwenyewe anapaka klobetasoli usoni kila usiku pasipo kujua, kwa kuwa baadhi ya krimu za kung'arisha uso zinazouzwa madukani zimetiwa dawa hiyo. Uso unaopakwa hivyo miezi na miaka, ngozi yake huwa nyembamba, hutoka chunusi na vishipa vyekundu, na siku ya kuacha huwaka kama moto. Madhara hayo ni ya kweli, nasi tumeyaona kwa jamaa zetu wenyewe. Lakini yametokana na dawa kali, mahali pasipofaa, kwa muda usio na mwisho. Tyubu ya mtoto aliyeandikiwa na daktari ina hukumu nyingine.

Kipimo chake kila mmoja wetu anacho mkononi. Kamua dawa juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha mpaka mstari wa kiungo cha kwanza. Kiasi hicho, ambacho ni karibu nusu gramu, chatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mkono mzima wa mtoto wa miaka minne, ukiwa wote umeathirika, huhitaji vipimo viwili. Mama yetu alikuwa akipaka kiasi cha punje ya mtama, kisha akilalamika kuwa dawa haifai.

Hupakwa mara moja au mbili kwa siku kama alivyoagiza daktari, palipo na maradhi tu. Na hapa wengi hukosea: mwasho hutangulia kuondoka, uvimbe ukabaki chini. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa mtoto amelala, wiki ijayo atarudi alikoanza. Iendelee mpaka ngozi ilainike, jambo ambalo mara nyingi huchukua wiki moja au mbili. Ukipita muda huo bila nafuu, mrejesheni kwa daktari, wala msiongeze nguvu ya dawa kwa shauri la jirani. Usoni, kwenye kope, kwapani na kinenani ngozi ni nyembamba, na dawa kali haipakwi hapo ila daktari amesema. Mafuta mazito yasiyo na manukato yapakwe kila siku, hata ukurutu ukitulia, na yapishane na dawa kwa muda wa kama nusu saa.

Choa hufanana na ukurutu machoni pa asiye mjuzi, na steroidi hukificha choa huku kikienea. Na ngozi ikitoa usaha, au ikitokea malengelenge madogo yenye maumivu pamoja na homa, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mama huyo alituuliza pia juu ya mabaka meupe yaliyobaki kiwikoni. Mara nyingi hayo huachwa na ukurutu wenyewe, na rangi hurudi polepole.

Swali lake la mwisho lilikuwa la kifiqhi, kwa kuwa naye ana ukurutu vidoleni: je, dawa hii yaharibu udhu au saumu? Kinachoingia kwa vitundu vya ngozi hakifunguzi, kwa hivyo mchana wa Ramadhani apake. Ama udhu, dawa ikishanywewa na ngozi haina neno. Ikibaki tabaka nzito inayozuia maji, aifute kwanza. Sisi twamshauri apake baada ya swala, apate nafasi ya kutosha kabla ya udhu mwingine. Wallahu aalam.