Mashauri ya Nyumbani: Aliyepona Arudishiwe Kazi Yake



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo nyumba nyingi za Masanze, na za nchi yote ya Kilosa, zinalo, wala hazipendi kulitaja mbele za watu. Mgonjwa alipelekwa hospitali, akatibiwa, akarudi. Homa imekwisha, kidonda kimefunga, mfupa umeunga. Ndugu walimshukuru Mungu, na majirani wakaja kumwamkia. Baada ya hayo aliwekwa juu ya mkeka kivulini, na huko ndiko aliko hata leo. Hulishwa, huogeshwa, huvishwa nguo. Hatumwi neno, wala haulizwi neno. Je, mtu huyu amepona?

Tuitazame Injili. Mama mkwe wa Simoni Petro alikuwa amelala, hawezi homa. Bwana wetu alimshika mkono, homa ikamwacha. Lakini Mwinjili hakuishia hapo, bali alituandikia pia kwamba mama yule aliwahudumia wageni waliokuwamo nyumbani mwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya kupona kwake: alirudi jikoni pake, akawa tena mama mwenye nyumba. Na binti wa Yairo alipofufuliwa, Bwana aliagiza apewe chakula, ili arudi katika desturi ya watoto wote walio hai. Basi, kupona si kuondokewa na maradhi tu. Kupona ni kurudi katika maisha.

Iko tiba iliyowekwa kwa ajili ya jambo hili. Huitwa tiba kwa vitendo, na wengine huiita tiba kazi. Neno kazi lisiwadanganye mkadhani kwamba ni kazi ya mshahara peke yake. Kula kwa mkono wako mwenyewe ni kazi. Kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuchota maji, kupika, kupalilia, kusoma, kusali pamoja na wenzako kanisani, zote ni kazi. Na kwa mtoto mdogo, mchezo ndio kazi yake, maana kwa kucheza hujifunza mambo yote atakayoyatenda akiwa mtu mzima.

Tiba hii si ya jana. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, watu wachache walikutana katika mji wa Clifton Springs, huko Marekani, wakaanzisha chama chake cha kwanza. Mmoja wao, George Edward Barton, alikuwa mchora ramani za majumba. Aliugua kifua kikuu, kisha akapooza upande wa kushoto, akaona katika mwili wake mwenyewe jinsi mikono inavyorudishiwa nguvu kwa kupewa kazi. Huko Uingereza, daktari mmoja mwanamke, Elizabeth Casson, alifungua shule ya tiba hii mjini Bristol mwaka 1930. Chama cha dunia nzima kiliundwa mwaka 1952. Kwetu Tanzania, watabibu wa kazi hii hufundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971.

Mtabibu wa namna hii haishii kuuliza, "Waumwa wapi?" Huuliza pia, "Siku yako huanzaje asubuhi? Ni jambo gani ulilokuwa ukilitenda, na sasa huliwezi?" Akiisha kusikia, hufuata njia tatu. Ya kwanza, huufundisha mwili upya, kidogo kidogo, kwa kazi yenyewe. Ya pili, ikiwa mwili hauwezi tena kutenda kama zamani, hutafuta namna nyingine ya kulitenda jambo lile lile. Ya tatu, hubadili chombo au mahali, ili chombo kimfuate mtu badala ya mtu kukifuata chombo. Mkizishika njia hizi tatu moyoni, mtaweza kuyaelewa yote tutakayoyasema.

Tuanze na watoto. Wako watoto wenye mtindio wa ubongo. Ubongo wao uliumia walipokuwa bado tumboni, au wakati wa kuzaliwa kwa kukosa hewa, au baadaye kwa manjano kali, au malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Mtoto huyu si adhabu ya dhambi ya mama yake, wala hakulogwa. Bwana wetu mwenyewe alipoulizwa habari za mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, aliikataa dhana hiyo mbele ya wanafunzi wake. Basi, Mkristo amfichaye mtoto wa namna hii chumbani anashika imani ambayo Bwana alikwisha kuikataa.

Jambo la kwanza ni kukaa. Mtoto asiyeweza kukaa hawezi kula vizuri, wala kutumia mikono, wala kuona uso wa anayesema naye. Seremala wa kijiji aweza kumtengenezea kiti: mgongo umesimama, nyonga, magoti na vifundo vya miguu vimekunjwa kama pembe ya mlango, nyayo zimekanyaga ubao, na mbele yake meza ndogo ya kuwekea mikono. Mahali pasipo na seremala, mtoto aegemezwe katika pembe ya kuta mbili, na nguo zilizokunjwa ziwekwe ubavuni huku na huku.

Jambo la pili ni chakula, nalo ni jambo la uzima na mauti. Wako akina mama na bibi ambao humlaza mtoto chali mapajani na kummiminia uji kinywani. Wanafanya hivyo kwa upendo na kwa haraka ya kazi nyingi, lakini chakula chaweza kuingia katika njia ya pumzi, kikaleta homa ya mapafu. Mtoto alishwe akiwa amekaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kwa kijiko kidogo, na asipewe tonge la pili kabla ya kumeza la kwanza. Uji mzito kidogo humezeka kwa salama kuliko uji mwepesi kama maji. Akianza kushika kijiko mwenyewe, mpini wake uzungushiwe kitambaa hata uwe mnene, maana mkono dhaifu hushika kinene upesi kuliko chembamba.

Jambo la tatu ni kumfundisha kwa hatua. Kuvaa shati si jambo moja bali mengi: kulishika, kuingiza mkono, kuingiza kichwa, kulishusha. Mama afanye hatua zote, na ile ya mwisho, ya kulishusha, amwachie mtoto. Akiisha kuiweza, aachiwe hatua mbili za mwisho, kisha tatu. Hivyo kila siku mtoto ndiye amalizaye, na furaha ya kumaliza ni yake. Penseli ikimponyoka, nayo izungushiwe kitambaa. Tusiseme kwamba atapona kabisa, kwa maana ubongo ulioumia hauponi kama kidonda. Lakini wengi wa watoto hawa waweza kujifunza mambo ambayo jamaa zao hawakuyatazamia.

Sasa tuseme juu ya watu wazima. Tuseme mjomba amepigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kuume umelegea. Kwanza ajue kila mtu kwamba kiharusi ni jambo la kukimbizwa hospitali saa ile ile, wala si la kungoja kucha. Akiisha kurudi nyumbani, ndipo kazi yetu huanza. Asivutwe kwa mkono uliolegea wakati wa kumwinua, maana bega hutoka mahali pake na maumivu yake hudumu muda mrefu. Akivaa shati, mkono dhaifu uingie kwanza. Akivua, utoke mwisho. Kanuni hii ni fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kuikumbuka, nayo humwezesha mtu mzima kuvaa pasipo kushikwa. Aketipo, mkono ule uwekwe mbele yake mezani au pajani, mahali anapouona, asije akausahau kama si wake.

Mama aliyebakiwa na mkono mmoja hakosi kazi jikoni. Apigiliwe ubao misumari miwili, ncha zikitazama juu. Hapo ataweza kuchomeka kiazi au kipande cha muhogo na kukimenya kwa mkono mmoja. Kazi ikiisha, ubao uwekwe mbali na watoto. Kitambaa chenye maji kikiwekwa chini ya bakuli, bakuli halitelezi anapokoroga. Kupambua mbaazi, kuchagua mchele, kusimamia ufuta usiliwe na kuku, yote hufanyika mtu akiwa ameketi. Na jiko likiinuliwa kwa udongo mpaka usawa wa kiuno, halimlazimishi kuinama, tena huwaepusha watoto wadogo na moto. Aliyeungua mkono asiuache umekunjwa mpaka kidonda kifunge, maana ngozi mpya huvuta, na vidole hujikunja visikunjuke tena. Amwulize mtabibu mapema namna ya kuunyosha.

Liko neno jingine ambalo watu huona haya kulisema, nasi hatuna budi kulisema. Mzee aliyekuwa akiheshimiwa nyumbani mwake, leo huogeshwa na mke wa mwanawe. Kwa desturi zetu ni aibu kwake na kwa mkwewe pia. Mzee hunyamaza, pengine hukataa kunywa maji asije akahitaji kupelekwa chooni, akazidi kudhoofika. Walakini aibu hii yaweza kuondolewa kwa vitu vya bei ndogo sana: kigoda cha kukalia bafuni, ndoo iliyoinuliwa juu ya tofali, kata yenye mpini mrefu, miti miwili iliyochimbiwa chooni ya kushikia, na kiti kilichotobolewa katikati kwa asiyeweza kuchuchumaa. Vitu hivi vyamrudishia mzee heshima yake, na mkwe amani yake. Hakuna dawa ya dukani itakayofanya hivyo.

Sasa tufike kwenye kiini cha mashauri yetu. Mwenye kumzuia mgonjwa asiondoke kivulini, mara nyingi si mwenye chuki, bali ni mwenye upendo. Mama asema, "Mwacheni mwanangu, atachoka." Binti asema, "Baba, kaa, nitakufanyia." Na kwa kweli ni upesi zaidi kumvisha mtu kuliko kumngoja avae. Lakini mkono usiotumika hukakamaa, na moyo usiotumwa huvunjika. Tena tufikiri mbele. Mama huyu atamlisha mwanawe mpaka lini? Siku Mungu atakapomwita, mtoto atabaki na nani, naye hajui kuinua kikombe? Kila jambo analojifunza leo kwa kijasho na kwa kumwaga uji ni urithi ambao hakuna ndugu wa kumnyang'anya. Upendo wa kweli huketi kando, hukunja mikono yake, nao hungoja.

Ndugu wa Masanze atauliza, "Msaada huu nitaupata wapi?" Aanze na zahanati iliyo karibu, amweleze mganga si maradhi tu bali na mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyatenda. Aombe barua ya kumpeleka hospitali ya wilaya Kilosa, na kutoka huko hospitali ya mkoa Morogoro, ikiwa yahitajika. Huko Dar es Salaam, CCBRT, iliyoanzishwa mwaka 1994, hupokea watoto na watu wazima wenye ulemavu. Na Moshi iko KCMC tuliyoitaja. Safari ni ndefu na nauli si ndogo. Kwa hiyo aendaye asirudi na dawa tu. Aombe afundishwe kwa macho yake jinsi ya kumkalisha, kumlisha na kumvisha mgonjwa wake, na arudi kuwafundisha wote wa nyumbani. Mtabibu humwona mgonjwa saa moja, bali ninyi mwakaa naye mchana na usiku.

Jumuiya nazo zina sehemu yao. Mtakatifu Yosefu alikuwa seremala. Mafundi wetu na wamtolee Mungu siku moja ya kazi kwa kutengeneza kiti cha mtoto mmoja. Vijana na wachimbie miti ya kushikia katika choo cha mzee mmoja. Katekista na amwulize mama mwenye mtoto aliyefichwa kama atamruhusu aje kwenye mafundisho pamoja na wenzake. Nanyi, akina baba na akina mama, jioni hii mtazameni yule aliye kivulini, mkampe kazi moja ndogo aiwezayo. Mpeni mbaazi za kupambua, au mtoto wa kumhadithia hadithi, au sala ya jioni aiongoze yeye. Akikawia, msimnyang'anye.

Mungu, aliyemweka Adamu bustanini ailime na kuitunza, aibariki mikono ya wote walio dhaifu kati yenu, na kuwapa ninyi subira ya kuingoja.