Wazazi, Imani ni Jina la Wote

Mtoto akizaliwa, watu huuliza kwanza kama ni wa kiume au wa kike, ndipo waulize jina. Mara nyingi jibu la swali la kwanza huwa limekwisha kuamua la pili. Jamaa wakisikia jina wasilolizoea kwa mtoto wa jinsia ile, hukunja uso na kusema, "Hilo ni la kike, mtafutieni jingine." Naandika kuwasihi wazazi wenzangu, hasa wale wanaongoja mtoto, waache kuyagawa hivyo majina ya sifa njema. Shahidi wangu ni jina moja: Imani. Halikujaa mitaani kama Neema au Juma, lakini ni miongoni mwa majina machache ambayo kwetu huitwa mwanamume na huitwa mwanamke, na hakuna anayeshtuka. Hali hiyo ni hazina. Tukiipoteza, tutakuwa tumewapunguzia watoto wetu malezi, si jina tu.

Tulitazame kwanza jina lenyewe. Imani limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wa herufi tatu: hamza, mim na nun. Mzizi huo huo umetupatia amini, amani, amana na uaminifu, na umetupatia pia majina ya Amini kwa mwanamume na Amina kwa mwanamke. Waarabu hulitamka Iman, na kwao mara nyingi huitwa wasichana, ingawa katika sarufi yao ni nomino ya kiume. Ukivuka kwenda Iran mambo hugeuka: Iman huko ni jina la wanaume, kama alivyokuwa nalo Iman Mobali, mchezaji mashuhuri wa kandanda wa taifa hilo. Kwa Wasomali yuko Iman, mwanamitindo aliyezaliwa Mogadishu mwaka 1955. Kwanza aliitwa Zara, na hilo la Iman akapewa baadaye kwa kutaka kwa babu yake. Jina moja, basi, ni la binti katika nchi hii na la kijana katika nchi ile, wala si kwamba maana yake imebadilika njiani. Kinachobadilika ni mazoea ya watu.

Kwetu limepata makao mapana zaidi, na lugha yenyewe imesaidia. Kiswahili hakitengi mume na mke katika sarufi yake. Anayekuja ni "yeye", na "amefika" ni amefika, awe mama au baba. Hivyo jina la sifa likiingia kwetu, sarufi hailidai vazi la kiume wala la kike. Wapenzi wa mpira wa Tanzania wanamkumbuka wakili Imani Madega aliyekuwa mwenyekiti wa Yanga, na Imani Kajula aliyekuwa mtendaji mkuu wa Simba. Wote wawili wanaume. Jina hilo hilo wanalo wanafunzi wa kike, wauguzi na akina mama wengi, na hakuna anayewauliza wamelipata wapi.

Jambo la pili lililolipanua ni dini. Mtoto wa madrasa hufundishwa nguzo sita za imani: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho na kudra. Mtoto wa Kikristo naye hukutana na neno hilo katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 13, lilipowekwa pamoja na tumaini na upendo. Na ziko familia zilizowapa watoto wao majina hayo matatu kwa kufuatana. Ukilisikia jina Imani peke yake huwezi kuapa kama mwenye nalo ni Mwislamu au Mkristo, wala ni wa kabila gani, wala kama ni mwana au binti. Katika nchi zetu, ambako watu wamewahi kubaguliwa na hata kuuawa kwa sababu ya yale majina yao yaliyofichua, jina lisilomweka mtu upande wowote si jambo dogo.

Limevuka bahari pia. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kwa ajili ya Wamarekani weusi, akaipa misingi saba yenye majina ya Kiswahili. Sikukuu huanza tarehe 26 Desemba na kumalizika tarehe 1 Januari, na msingi wa siku hiyo ya mwisho ni Imani. Ndivyo neno letu lilivyoingia katika nyumba za watu ambao wengi wao hawajawahi kuiona Afrika, na wazazi wakaanza kuwaita watoto wao hivyo. Mwandishi na msomi Imani Perry, aliyepata tuzo ya vitabu ya National Book Award mwaka 2022, ni mwanamke. Iman Shumpert, aliyetwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa NBA mwaka 2016 akiwa na Cleveland Cavaliers, ni mwanamume mwenye jina hilo hilo kwa matamshi ya Kiarabu. Lakini Imani, kwa umbo lake la Kiswahili, limeelemea sana upande wa wasichana huko Marekani.

Kuelemea huko ndiko ninakotaka tukuogope. Waingereza walikuwa na jina Shirley, na lilipotumika kama jina la mtu mwenyewe alipewa mwanamume. Mwaka 1849 Charlotte Brontë alichapisha riwaya yenye jina hilo, inayomhusu binti ambaye wazazi wake walitamani mtoto wa kiume. Walipojaliwa wa kike wakampa jina walilokuwa wamemwekea mwana. Baada ya hapo wasichana wakalipenda jina, na wavulana wakaondolewa humo hadi likawa la kike kabisa. Ashley nalo limepita njia hiyo. Mzazi huona fahari kumpa binti jina la kiume, lakini huona aibu kumpa mwana jina ambalo wasichana wamekwisha kulizoea. Aibu hiyo haina msingi wowote, ila dharau kwa mwanamke.

Tusijidhani sisi tumepona. Neema, Rehema na Upendo tumewaachia wasichana, na Baraka tumewapa zaidi wavulana. Nani alituambia kwamba neema ni ya binti na baraka ni ya mwana, ilhali zote mbili zinatoka kwa Mungu mmoja? Msomaji wa Kurani huanza kwa kumtaja Mola kwa rehema zake, kisha akifika nyumbani anasema rehema ni jina la kike! Mvulana hatadhurika kwa kutoitwa Rehema. Atadhurika akikua anaamini kwamba kuhurumia ni kazi ya dada zake. Mgawanyo wa majina hutangulia, na mgawanyo wa malezi hufuata nyuma yake.

Najua mapingamizi mawili. Wa kwanza atasema jina la jinsia zote huleta mkanganyiko shuleni na hospitalini. Lakini karibu kila fomu ina mahali pa kuandika jinsia, na kwetu jina la mtoto hufuatwa na la baba na mara nyingi la babu. Bahati ni mwimbaji wa kiume wa Kenya, na Bahati Bukuku ni mwimbaji wa kike wa Tanzania. Mashabiki wao hawajapotezana kwa sababu hiyo.

Pingamizi la pili ni zito, na nalipokea kwa heshima. Wako wanazuoni wa Kiislamu wasiopenda mtu aitwe Imani, kwa hofu kwamba jina lenyewe linamsifu mwenye nalo. Wanakumbusha kwamba Zaynab, mwanamke wa zama za Mtume, aliitwa kwanza Barra, yaani mwema, na Mtume akambadilishia jina ili watu wasijitakase wenyewe. Mzazi anayefuata rai hiyo na aifuate kwa moyo mweupe. Kwa sisi tunaolitumia jina, onyo hilo linatufaa vilevile: tusimpe mtoto jina kama tuzo ambayo bado hajaistahili. Tumpe kama dua, na dua hiyo iwe na kazi nyuma yake. Waraka wa Yakobo unaikemea imani isiyoonekana katika vitendo, na Sura ya Hujurat inawakemea mabedui waliodai kuamini kabla imani haijaingia mioyoni mwao. Vitabu viwili, onyo moja.

Kazi yenyewe iko nyumbani, nayo haitaki fedha. Binti akichelewa kurudi huhojiwa mlangoni. Kaka yake akichelewa hupakuliwa chakula. Binti akisema uongo huambiwa atakosa mume. Kaka akisema uongo huitwa mjanja. Kwa njia hiyo tunamfundisha mmoja uaminifu na kumsamehe mwingine, kisha miaka ishirini baadaye tunalalamika kwamba waume hawaaminiki, wahasibu wanaiba na viongozi hawatimizi ahadi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Chenji ya dukani irudishwe kamili na kaka kama inavyorudishwa na dada. Ahadi ya mvulana idaiwe kama inavyodaiwa ya msichana. Wote wawili waulizwe walikokuwa, na wote wawili waaminiwe wakisema kweli.

Ndugu mzazi unayengoja mtoto, chagua jina kabla hujajua jinsia, na uangalie kama unaweza kulilea. Ukipenda Imani, mpe mwana kwa furaha ile ile ambayo ungempa binti. Ukipenda Rehema, Upendo au Baraka, usirudishwe nyuma na jirani anayekwambia jina hilo si la mtoto wa aina yako. Kisha uanze wewe mwenyewe kuwa mwaminifu mbele ya macho yake, maana hatajifunza kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa asichokiona kwa wazazi wake.