Nyasa Maana Yake Ni Ziwa

Mara nyingi twasikia watu wakibishana juu ya ziwa lililo kati ya Tanzania na Malawi. Wa upande huu husema, "Sisi twaliita Nyasa, basi ni letu." Wa upande wa pili hujibu kwa jina la Malawi. Sisi twaikataa hoja hiyo, kwa kuwa wenye kuitoa hawakuuliza kwanza maana ya neno.

Nyasa si jina la mtu wala la kabila. Kwa Kiyao maana yake ni ziwa, basi. Wanyanja husema nyanja, Wasukuma nyanza, Waganda ennyanja; hata Wanyarwanda wanalo, inyanja, ila kwao ni bahari. Mwenye masikio asikie: ni neno moja hilo, lililosafiri na wazee wetu toka maji haya hata maji yale, likageuka kidogo katika kila kinywa. Na Wanyanja ndio watu wa ziwani, kama vile Waswahili walivyo watu wa pwani.

Speke alipofika kusini mwa ziwa kubwa la kaskazini mwaka 1858 aliandika Nyanza. Livingstone naye, mwaka 1859, akaandika Nyassa. Wenyeji walitaja maji, wageni wakaandika jina. Ndiyo sababu asemaye "Ziwa Nyasa" asema "Ziwa Ziwa". Wako walimu wenzetu wafundishao watoto ya kuwa Livingstone ndiye aliyelitunga jina hilo. Afadhali wangemwuliza kwanza bibi kizee wa Kiyao.

Tena wasahau ya kuwa nchi ya Malawi yenyewe iliitwa Nyasaland tangu 1907 hata ilipopata uhuru mwaka 1964. Je, wakati ule jina lilishuhudia upande gani?

Mpaka una mapatano yake, ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890. Hayo na yasomwe, na wakuu wayabishanie wapendavyo. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, ambao lugha yao ni moja, huvua katika maji yayo hayo. Lakini mtu akishika neno nyasa kuwa hati ya kumiliki, basi na aende pia akadai maji ya Wasukuma na ya Waganda, maana neno ni lilo hilo.