BAHATI NASIBU HAIJENGI NYUMBA WALA CHAMA



Imetufikia habari kwamba katika baadhi ya matawi yetu pamezuka rai ya kutafuta fedha za chama kwa kuuza tikiti za bahati nasibu. Waliotoa rai hiyo hatuwatilii shaka nia zao. Mfuko ni mtupu, na kodi ya ofisi haingoji. Lakini twaona ni wajibu wetu kulipinga shauri hilo mapema, kabla halijaota mizizi.

Kwanza, tusidanganywe na majina. Iitwe bahati nasibu, iitwe mchezo wa kubahatisha, au iitwe "mkeka" kama wasemavyo vijana, kamari ni kamari: wengi hutoa, wachache hupata, na mwenye kuiendesha hakosi. Mkeka wa ukili mtu huulalia akapumzika. Mkeka huu humnyima mtu usingizi, na kukicha umechanika. Muislamu hahitaji dalili ndefu, kwani maisiri imeharamishwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91. Lakini hata ndugu yetu asiyekuwa wa dini hii, akishika kalamu na karatasi, atafika pale pale.

Na tuishike kalamu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mchezo unaosifiwa kuwa wa haki, unaorudisha shilingi 90 katika kila 100 zinazowekwa. Mtu huona hasara yake ni shilingi 10 tu. Lakini mchezaji haweki mara moja akaondoka. Anachorudishiwa hukiweka tena. Kwa wastani, ikifika mara ya kumi, shilingi 100 zake zimebaki 35. Ikifika ya ishirini, zimebaki 12. Ni duka gani lipatalo faida kama hiyo bila ya kumpa mnunuzi hata kibiriti?

Bahati nasibu kubwa ni mbaya zaidi. Waingereza walipoanzisha ya taifa lao mwaka 1994, mtu alichagua namba 6 katika 49, na nafasi ya kupata zawadi kuu ilikuwa moja katika 13,983,816. Oktoba 2015 namba zikaongezwa zikawa 59, nafasi ikawa moja katika 45,057,474. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Unguja na Pemba watu 1,889,773. Basi lau kila nafsi ya visiwa hivi, tangu kichanga hata mkongwe, ingenunua tikiti moja, na zote zikawa na namba mbalimbali, tungetazamia zawadi kuu moja tu katika kila michezo 24 hivi. Na huyo mmoja ndiye ambaye picha yake ingebandikwa ukutani. Walioshindwa hawapigwi picha.

Zamani mcheza kamari alikuwa na pahala pake, na aliyetaka kwenda huko aliona haya kuonekana njiani. Leo kamari i mfukoni, ndani ya simu. Fedha za simu, zilizoanza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, zilimrahisishia mtoto kumpelekea mama yake matumizi. Njia hiyo hiyo sasa huyapeleka matumizi ya mama kwa mwenye mchezo, usiku wa manane, pasi na shahidi.

Wala tusitazamie kuokolewa na wakubwa. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za makampuni makubwa ya kamari. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kodi. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kutoa leseni, na michezo hiyo hutozwa kodi. Serikali yenye fungu katika kamari hupata kila raia wake anapokosa. Na kodi hii haitoki kwa tajiri. Hutoka kwa kijana asiye na kazi, ambaye hakuachiwa tumaini jingine.

Msiseme kuwa mwenye akili atajizuia. Bwana B. F. Skinner wa Marekani aliwajaribu njiwa, akaona kwamba ndege apataye punje kwa mdono asioweza kuukisia hudonoa bila ya kuchoka. Huko Monte Carlo mwaka 1913 kijipira kiliangukia weusi mara 26 mfululizo, na watu wakafilisika wakiwekea wekundu, kwa kudhani kuwa zamu yake imefika. Kijipira hakina kumbukumbu, hakijui zamu. Mwaka 2013 matabibu wa akili wa Marekani waliuhesabu uraibu huu pamoja na ule wa pombe na madawa, na Shirika la Afya Duniani nalo linautambua kuwa ni maradhi.

Basi mwenzetu aliyenaswa tusimcheke. Dalili zake zajulikana: hukopa kila mlango, huficha simu, na hutaka kuirudisha hasara ya jana kwa fedha ya leo. Tusimkopeshe fedha taslimu; tumpe unga na sukari kwa watoto wake, mshahara wake ashikiwe na jamaa amwaminiye, naye apelekwe kwa tabibu.

Ama mfuko wa chama, ujazwe kwa njia iliyo wazi: ada ya kila mwezi hata ikiwa ndogo, mchango wa mwenye uwezo, na mnada wa ukili, nazi na karafuu zilizotolewa na wanachama wenyewe. Kila senti iandikwe, na daftari lisomwe mbele ya mkutano. Haba na haba hujaza kibaba.

Sisi twawaambia wananchi kwamba hali yao itageuka kwa umoja na kazi. Tutawaambiaje hayo mkutanoni, kisha mlangoni tukawauzia tikiti? Chama kinachotaka kuaminiwa na dola ya kesho hakiwezi kuishi kwa hasara ya wanachama wake leo. Tunayaomba matawi yaliache shauri hili.