Kanisa la mabati halihitaji spika kwanza

Mvua kubwa ikinyesha Kimuka, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, mahubiri husimama. Mabati yasiyo na dari hupiga kelele mpaka mhubiri anafunga Biblia na waumini wanaanza wimbo. Huko nje, maji yaliyosubiriwa miezi mingi yanamwagika ukingoni mwa paa, yanachimba msingi na kupotelea mchangani.

Anayetaka kusaidia makanisa madogo ya Kajiado angeanzia kwenye ukingo huo. Wafadhili wengi huleta kinachopendeza kwenye picha: spika, kinanda, jenereta. Petroli ikiisha, vyombo hufunikwa kwa leso pembeni mwa madhabahu.

Hesabu ya maji ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata milimita 20, hushusha karibu lita 2,000. Kwa wafugaji walioona mifugo ikifa misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifereji ya paa na tangi ni sehemu ya kanisa kama ilivyo mimbari.

Muziki nao upo tayari. Katika uimbaji wa Kimaasai, olaranyani, kiongozi wa wimbo, huanzisha na wenzake humjibu kwa sauti nzito za kooni, shanga zikicheza mabegani. Kanisa Katoliki lenyewe, kupitia Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963, lilitaka muziki wa jadi wa watu uheshimiwe ibadani. Nauli ya mwalimu wa kwaya na daftari za kuandikia nyimbo zingefika mbali kuliko spika.

Fedha zenyewe zina mtego, hasa za wanasiasa. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, Kayole: shilingi 600,000, zikiwemo za kwaya, na milioni 2 za nyumba ya padre. Wapo watakaosema jimbo kubwa lina uwezo wa kukataa, kanisa la mabati halina.

Lakini kanisa hilo lina harambee. Mbuzi hunadiwa uwanjani baada ya ibada, hata trei ya mayai hupandishwa bei kwa vicheko. Mfadhili angoje mnada uishe, aulize kamati imepata ngapi, aongeze kiasi hichohicho, kisha achukue risiti kama wengine.