Reli ya Kipushi: itabeba zinki peke yake?

Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910 na mji ukakua kandokando yake. Lakini mkaaji wa leo anayeenda kazini asubuhi anapigania taksi-basi, na bei hupanda kila mafuta yanapokosekana.

Mwaka 2017, kampuni Ivanhoe Mines na shirika la reli SNCC walipatana kutengeneza upya njia ya kilomita 34 kati ya Kipushi na Munama, kusini mwa Lubumbashi. Mgodi wa Kipushi, uliosimama tangu 1993, ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Mradi unapangwa kwa ajili ya zinki hiyo. Na mama anayeleta mboga sokoni, je?

Tusiambiwe kwamba reli yetu ni ya zamani mno. Oktoba 2012, Dar es Salaam ilianzisha treni za abiria mjini juu ya reli za zamani, kwa mabehewa yaliyokarabatiwa. Njia mojawapo ni ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, sawasawa na yetu.

Kikwazo ni hesabu: mzigo unalipa kuliko abiria, na SNCC ina madeni ya miaka mingi. Lakini watu wasipopewa behewa hupanda treni ya mizigo. Machi 2022, huko Buyofwe katika Lualaba, zaidi ya 60 walikufa hivyo.

Mabehewa mawili, asubuhi na jioni, yaandikwe ndani ya mkataba kabla ya kazi kuanza. Serikali ya jimbo la Haut-Katanga ndiyo ya kwanza kuulizwa.