Mwanafunzi Asibebeshwe Mzigo Peke Yake

Sheria ya Uhamiaji ya Australia ya mwaka 1958 inaipa Serikali ya nchi hiyo uwezo wa kumfutia viza mwanafunzi wa kigeni aliyekiuka masharti yake. Sharti linalowanasa wengi ni lile la namba 8202. Linamtaka awe ameandikishwa wakati wote katika kozi iliyosajiliwa, tena ya kiwango kisichopungua kile alichopewa viza kwa ajili yake. Aliyekwenda kusoma shahada, kisha akahamia cheti cha upishi bila kuomba viza nyingine, amekwisha kulivunja hata kama ada amelipa na darasani hakosi.

Hapana wa kuilaumu Australia kwa kuwa na sharti hilo. Wapo walioigeuza viza ya masomo kuwa kibali cha kutafutia kazi, na kila nchi huru inao wajibu wa kujua nani ameingia kwake na kwa shughuli gani. Linalohojiwa ni jinsi adhabu inavyomwangukia mmoja tu kati ya watatu waliofunga mkataba.

Mara nyingi mkasa huanza kimya kimya. Ada imechelewa kutoka nyumbani, au mwanafunzi ameugua, au somo limemshinda. Chuo kikikusudia kumfuta, kanuni zinakitaka kimpe taarifa ya maandishi na siku 20 za kazi za kulalamika. Kikisha kumfuta, huiarifu Serikali. Naye hukaa akiamini kwamba maadamu tarehe ya mwisho ya viza haijafika, hana la kuogopa. Hapo ndipo anapopotea. Idara ya Mambo ya Ndani humwandikia kwamba inafikiria kuifuta viza na kumtaka ajieleze. Kufutwa si lazima: ofisa hupima sababu, na mwenye vyeti vya daktari au ushahidi wa msiba anayo nafasi ya kusikilizwa. Lakini aliyeandikisha anwani ya wakala badala ya yake huenda barua hiyo asiione kabisa. Viza ikifutwa, milango ya kuomba nyingine akiwa humo nchini karibu yote hufungwa, na akiondoka huenda akazuiwa kurudi kwa miaka 3.

Wakala yuko wapi wakati huo? Kamisheni yake alikwisha kulipwa na chuo. Kuna mawakala waaminifu, hilo halikataliki. Lakini anayelipwa kwa idadi ya vichwa hana haja kubwa ya kueleza sharti la 8202. Vyuo navyo havikuwa safi vyote. Mwaka 2024 Serikali ya Australia ilitangaza kufungwa kwa vyuo zaidi ya 150 vilivyokuwa vimelala bila kufundisha. Mwaka huo huo ada ya kuombea viza ilipanda kutoka dola 710 za nchi hiyo hadi 1,600, na Julai 2025 ikafika 2,000. Anayetoa fedha hizo ni yule yule mwanafunzi.

Serikali za Afrika Mashariki, ambako mawakala hawa hufungua ofisi na kutangaza biashara yao, zingefaa kuwalazimisha wamkabidhi kila kijana masharti ya viza yake kwa maandishi, katika lugha anayoielewa, kabla hawajapokea hata shilingi moja. Na mzazi wa Nairobi au Arusha aliyeuza shamba apate nauli anayo haki ya kuuliza, kabla ya kutia sahihi, barua za Idara zitakwenda kwa anwani ya nani.